Alinisimulia usiku ule bila kujua mkunga ni mimi

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mkunga, huu ni mwaka wa 16 kazini. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sijui kama hili langu ni tatizo la kazi au la moyo, na kila ninayemfikiria kumwambia ama ni mkubwa wangu ama tulikuwa naye zamu siku zile.

Mwaka 2020, miezi ya mwanzo ya korona, wodi yetu ya wazazi iligawanywa. Upande mmoja wa kawaida. Upande wa pili chumba cha kutenga, kwa kila mzazi mwenye homa au kikohozi, mpaka majibu ya kipimo yarudi. Majibu yalichukua siku mbili, na uchungu hausubiri siku mbili. Kuhusu wasindikizaji, agizo la uongozi lilikuwa la mstari mmoja: wote wabaki nje ya geti.

Usiku mmoja akaletwa mama wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 5, joto 38.2. Kwa agizo lile akaenda chumba cha kutenga. Mama yake mzazi alikuwa amemshika mkono hadi mlangoni, na aliyeitenganisha mikono ile ni mimi. Nilibaki na mhudumu mmoja tu. Mkunga mwenzangu alikuwa karantini.

Wasioifanya kazi hii hawajui muda ulikuwa unaliwa na nini. Kuingia chumba kile unatakasa mikono, unavaa gauni na kulifunga mgongoni (ukiwa peke yako unafunga kwa kubahatisha), unavaa barakoa ya kuchuja hewa, unabana ule waya wa puani, unapuliza kuona kama hewa inavuja pembeni, unaweka ngao ya uso, kisha glovu zifunike mikono ya gauni. Ukiwa mwepesi, dakika tano. Ukitetemeka, saba. Kutoka ndiko kubaya zaidi, maana hapo ndipo watu hujiambukiza: glovu na gauni kwanza, vikikunjwa upande wa nje uingie ndani, mikono, ngao, mikono tena, barakoa mwisho kabisa kwa kushika kamba za nyuma, mikono tena. Halafu ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto haifai kitu ukivaa ngao, kwa sababu sikio halifiki kwenye pembe. Tulikuwa na kifaa kimoja tu cha betri cha kusikilizia, kikizunguka pande zote mbili, na kila kikivuka kinafutwa kwa dawa kwanza. Mapigo hayo yanatakiwa yasikilizwe angalau kila nusu saa, na mzazi akianza kusukuma, kila dakika 5. Kwenye partografu yake, ile chati ya kufuatilia uchungu, kuna pengo la dakika 50. Mwandiko ni wangu.

Kwenye saa tisa usiku mzazi wa upande wa kawaida akaanza kuvuja damu baada ya kondo kutoka. Nilikuwa nasugua kizazi, mhudumu anafunga dripu, niliposikia yowe kutoka chumba cha kutenga. Damu ilipopungua kidogo nikamwachia mhudumu nafasi ya mkono wangu juu ya kizazi, nikakimbia, nikapaza sauti kwenye kioo cha mlango: "Vuta pumzi, nakuja!" Nikaanza kuvaa. Nilipoingia mtoto alikuwa ameshatoka, amelala katikati ya miguu ya mama yake, kaloa, rangi ya bluu, halii. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikakata kitovu, nikaanza kumpa pumzi kwa mfuko, arobaini kwa dakika. Ngao ilikuwa imejaa ukungu. Nilijua kifua kinapanda kwa kukigusa kuliko kwa kukiona. Alilia baada ya dakika mbili hivi. Alilazwa chumba cha vichanga siku tatu, akatoka mzima. Kipimo cha mama kilirudi: hakuwa na korona.

Sasa. Wiki iliyopita kliniki niliitiwa mjamzito wa wiki 26, mimba ya pili. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: uzazi wako wa kwanza ulikuwaje? Akaanza kusimulia. Alipofika kwenye homa na ule mlango, nikajua. "Yule mkunga hakuwa na roho," akasema. "Alimfukuza mama yangu, akaniacha peke yangu, na nilipolia akaniambia niache kelele." Mshauri, mimi sikusema acha kelele. Au nilisema? Miaka mitano imepita na sina hakika tena. Usiku ule aliniona macho tu, tena nyuma ya plastiki yenye ukungu.

Alikuja na mtoto. Mtoto yule. Muda wote alikuwa anapanda na kushuka kwenye mizani, nami nikajikuta nahesabu pumzi zake.

Kwenye kadi nikaandika: "Uzazi wa awali: kawaida, mtoto hai." Sikuweza kuandika zaidi. Alipoondoka alinishukuru kwa kumsikiliza, akasema sauti yangu inamtuliza, kama aliwahi kuisikia mahali. Anataka siku ikifika nimzalishe mimi.

Nimedokeza kidogo kwa mwenzangu mmoja, akasema funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mimi tangu mwaka ule hushtuka saa tisa usiku nikiwa nahesabu, moja hadi arobaini. Harufu ya klorini hunichafua tumbo. Chumba kile kimerudi kuwa chumba cha kawaida cha kujifungulia, nami hubadilishana zamu ili nisikipate.

Je, nimwambie? Nikinyamaza, mimi ni mwongo? Au nimkabidhi tu kwa mkunga mwingine, nisionekane?

Mkunga wa zamu ya usiku

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa zamu ya usiku,

Umeuliza kama umwambie, lakini barua yako ina maswali matatu yaliyosukwa kama mkeka, ukivuta ukindu mmoja wote unakunjana. Je, ulikosa usiku ule? Je, mama huyu anastahili kujua aliyekuwa nyuma ya ngao ni nani? Na je, mikono yako iko tayari kumpokea mtoto wake wa pili? Swali la katikati ndilo linalokunyima raha, lakini ukilijibu kabla ya hayo mengine mawili, unaweza kumwendea mama yule na deni ambalo hujalihesabu, ukamwachia yeye kazi ya kulihesabu.

Tuanze na usiku wenyewe. Damu inayopita kwenye kizazi cha mimba iliyotimia hufika nusu lita au zaidi kila dakika. Kizazi kikilegea baada ya kondo kutoka, mama anaweza kukutoka mkononi wakati bado unatafuta mshipa. Ulikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa juu ya kizazi hicho. Hesabu hiyo umeikubali kichwani, naona, ila moyoni hujaikubali, kwa sababu umetupa mambo matatu tofauti ndani ya kapu moja. Yapo uliyozuiwa: idadi ya watu zamuni, kifaa kimoja cha kusikilizia, dakika za kuvaa. Yapo uliyoamriwa: geti. Na lipo lile pengo la dakika 50, ambalo sitalifuta kwa maneno matamu, kwa sababu hata wewe usingeniamini. Huenda na lenyewe, ukilichambua saa kwa saa, robo tatu litahamia kapu la kwanza. Lakini lichambue ukiwa na mtu anayeujua ukunga na asiyekuogopa wala kukuonea huruma. Peke yako saa tisa usiku huwezi. Saa hiyo kila hesabu hutoka hasi.

Kuhusu geti kuna jambo ambalo pengine halikuwafikia wodini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wakati wa UVIKO-19 ulisema kila mzazi, hata aliyeambukizwa, abaki na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, kwa tahadhari za barakoa na mikono safi. Vituo vingi vilifunga milango hata hivyo: barakoa hazikutosha, vyumba ni finyu, watu waliogopa. Na thamani ya mtu wa kukaa na mzazi ilishapimwa kabla ya korona. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, yakaonyesha kwamba wanaokaa na mtu muda wote wa uchungu hujifungua zaidi kwa njia ya kawaida na uchungu wao huwa mfupi kidogo. Kwa hiyo mama huyu akisema alimhitaji mama yake, usidhani ni deko. Mimi ningeongeza kwamba bibi yule, angekuwa ndani, ndiye angeona kichwa kinachomoza na kugonga kioo dakika kumi kabla.

Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton aliliandika jambo hili kwa ajili ya wauguzi: dhiki ya kujua lililo sawa huku utaratibu wa kazi ukikufungia njia ya kulitenda. Dhiki hiyo ina sifa moja mbaya, humwachia aliyetekeleza hisia ambazo zilipaswa kumfika aliyeagiza. Hata hivyo, dada, mkono uliotenganisha mikono ile ulikuwa wako, na mama yule anaukumbuka mkono. Waraka hakuuona. Kwake yeye mambo hayo mawili hayatengani kama ninavyoyatenganisha mimi hapa.

Sasa hilo neno, "acha kelele." Barakoa hupunguza zile sauti nyembamba zinazozitambulisha konsonanti, kioo cha mlango kinamalizia, na midomo yako hakuiona. Kinachovuka vizuizi vyote hivyo ni ukali wa sauti, na wewe ulikuwa unapaza. Inawezekana kabisa ulisema "vuta pumzi, nakuja" na yeye akasikia karipio, na kila mmoja wenu akawa mkweli. Inawezekana pia ulisema alivyosikia, ukiwa na damu ya mtu mwingine viatuni. Ninakutahadharisha kwa sababu moja: ukienda kumwambia, ulimi utakuwasha usahihishe sentensi hiyo. Jiulize kabla. Kama unachotaka zaidi ni kusahihisha, basi safari hiyo ni ya kujitetea, na atainusa.

Unaamini pia kwamba hajui. Umetaja kwa kupita tu kwamba sauti yako ilimtuliza "kama aliwahi kuisikia mahali." Mimi sikuweza kuipita. Miezi ile ya barakoa watu walijifunza kutambuana kwa sauti, kwa macho, kwa mwendo. Labda kumbukumbu yake imekufikia ila haijapata jina. Labda anajua na anakupima. Labda alikuwa anasema neno zuri la kuagia, basi. Wewe na mimi hatuwezi kujua. Na kuna karatasi: sahihi yako ipo kwenye partografu, na kwenye kitabu cha wodi. Akiomba faili lake, siri hii haikungoji wewe.

Mwenzako aliyesema funika kombe hana nia mbaya, na sitaki umdharau. Anaona mjamzito mwenye hofu, ambaye hatimaye amepata mkunga anayemwamini, na anauliza kwa nini uivunje imani hiyo wiki 14 kabla ya kujifungua. Ni swali la haki. Kunyamaza peke yake sidhani kama ni uongo. Mkunga hana wajibu wa kumsimulia mteja kila kinachomsumbua. Kunageuka uongo siku akikuuliza uso kwa uso, "Ni wewe?", nawe ukazunguka. Na kwenye kadi, niseme wazi, tayari kumeanza kuelekea huko.

Kadi hiyo irekebishwe, uamue kumwambia au usiamue. "Kawaida, mtoto hai" inamficha mkunga atakayefuata mambo manne anayoyahitaji: mtoto alitoka bila mtu chumbani, mwendo wa mwisho ulikuwa wa kasi, kichanga kilihitaji kupewa pumzi na kulazwa siku tatu, na mama ana hofu ya kuachwa peke yake. Kila mojawapo linabadilisha maandalizi. Usifute ulichoandika, ongeza maelezo mapya chini yake, kwa tarehe ya siku unayoyaandika, na sahihi yako. Zile kumbukumbu za mwaka 2020 usizitie hata nukta, hata kama unakumbuka kilichojaza lile pengo. Na usilifungue faili la zamani kwa ajili ya kujitafuta; lifunguliwe kwa ajili ya huduma yake, yeye akijua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika njia ya kunyamaza ni siku ya uchungu wenyewe. Mama akiwa sentimita 10, sauti ileile inamwambia vuta pumzi, pengine umevaa barakoa kwa sababu una mafua. Akikutambua hapo, hawezi kuinuka akaondoka. Hana nafasi ya kufikiri wala kuchagua mtu mwingine, na mikono yako ndiyo iliyomshika mtoto. Lolote utakaloamua, liwe limeshaamuliwa kabla hajapanda kitanda kile.

Kumkabidhi kwa mkunga mwingine kimyakimya kunaonekana ndiko kuzuri kuliko yote, hakuna anayeumia. Lakini mtazame kwa upande wake: aliomba mtu, akasikilizwa, kisha mtu akatoweka bila neno. Jeraha lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Kama kukabidhi ndiko kunakokufaa, na kunaweza kukufaa kweli, basi kufanyike mkiwa watatu chumbani, akitambulishwa mkunga mpya kwa jina, na asimuliwe kwa nini. Si lazima asimuliwe yote. "Kuna sababu zangu za kazini zinazonifanya niamini utahudumiwa vizuri zaidi na mwenzangu" ni sentensi ya kweli, ingawa inaweza kuamsha maswali yatakayokurudisha ulipoanzia.

Na kumwambia? Anaweza kulia. Anaweza kukwambia alishajua. Anaweza kuandika malalamiko, na hiyo ni haki yake ambayo usiku ule hakuna aliyemweleza. Ninaloliogopa ni kwamba anaweza kukichukia kituo kizima, akaacha kuhudhuria, akajifungulia mahali pasipo na mtu wa kumpa mtoto pumzi. Ndiyo maana, kama unaelekea huko, mkunga wa pili awe ameshakubali kabla hujafungua mdomo. Pia ongea kwanza na mkuu wako wa wodi. Simaanishi kuomba ruhusa ya kuwa mtu. Ni kwamba njia ya malalamiko lazima iwepo mama akiitaka, na sehemu nyingine neno la kuomba radhi huwa na uzito wa kisheria, kwa hiyo ujue taratibu za kwenu. Hapa pana hatari ya kwake: mkuu anaweza kukuambia unyamaze. Ukishaambiwa hivyo, kunyamaza hakutakuwa tena uamuzi wako peke yako, na kusema kutakugharimu zaidi.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo sikuiona katika barua yako. Katika huduma nyingi za uzazi mama anaweza kukaa na mkunga mwandamizi na faili lake, wakapitia uzazi uliopita saa kwa saa: nani aliingia, kwa nini mlango ulifungwa, nini kilikuwa kinaendelea chumba cha pili (bila kumtaja mzazi mwingine kwa namna yoyote). Aalikwe, asiburutwe. Vile vikao vya lazima vya mara moja, vya kumtaka mtu asimulie mara tu baada ya tukio la kutisha, vilishachunguzwa katika mapitio ya mwaka 2002, havikuzuia maradhi ya kiwewe, na dalili zilijitokeza kwamba vinaweza kudhuru. Unaweza kuuliza tu: "Kuna jambo la usiku ule ungependa kulijua?" Akisema hapana, amekuambia jambo kubwa, lichukue lilivyo. Akisema ndiyo, jina lako limo kwenye karatasi atakazosomewa, na ni afadhali alisikie kwako kabla hajalisikia kwenye faili.

Ukifika hapo, maneno yawe machache. Kitu kama: "Usiku ule mkunga alikuwa mimi. Nilimtenganisha mama yako na wewe, na ulijifungua mimi sipo chumbani. Nimesikitika kwa yaliyokupata. Ukitaka niendelee kukuhudumia, nipo. Ukitaka mwingine, yupo, na hutapoteza chochote. Ukitaka kulalamika, nitakuonyesha pa kwenda." Kisha nyamaza, na unyamaze kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Neno "lakini" libaki nje ya chumba pamoja na idadi ya watu zamuni, mpaka aulize mwenyewe. Kusamehewa pia usikuombe siku hiyo. Ni kumpa kazi mtu ambaye ndiyo kwanza amepokea mzigo. Ukihisi machozi yatakuzidi kiasi cha yeye kuanza kukubembeleza wewe, siku haijafika.

Kuna kazi nyingine ya mpango wa kujifungua, na hii atakayeishika, awe wewe au mwingine, aianze sasa. Uchungu wa pili kwa kawaida huenda haraka kuliko wa kwanza, na wa kwanza wake ulimalizika kwa kasi. Aje mapema; asiambiwe kwenye simu "subiri kwanza." Yaandikwe majina mawili ya wasindikizaji ili mmoja akikosekana asibaki hana mtu. Iandikwe sentensi nzima: asiachwe peke yake tangu uchungu ukolee. Kila anapopimwa njia aombwe kwanza, na akisema simama, mkono utoke. Na kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau, homa. Kwa mama huyu, kipimajoto kilikuwa ndio ufunguo wa chumba kile. Aelezwe mapema nini kitafanyika joto likipanda: vipimo gani, dawa gani, nani atabaki naye. Akiijua habari hiyo katika wiki ya 30, kipimajoto hakitamshtua siku ya uchungu. Muulizeni pia usingizi wake, ndoto zake, kama kuna sehemu ya hospitali anayoikwepa kwa kuzunguka. Majibu yakiwa mazito, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili kabla ya wiki ya 34, siyo baadaye.

Nimekuacha wewe mwisho, na umeshazoea kujiweka huko. Kushtuka saa ileile, kuhesabu, harufu inayokurudisha chumbani, kukikwepa chumba chenyewe kwa miaka mitano: hizi haziitwi uchovu. Uchovu wa kazi, jinsi Shirika la Afya Duniani linavyoueleza, ni kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa kazi yako na kuona huifanyi vizuri tena. Mapumziko na mabadiliko ya mzigo wa kazi huusaidia. Unayoyataja yanafanana zaidi na maradhi ya kiwewe, nayo likizo haiyagusi. Yanatibika, hata baada ya miaka. Kuna tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, na ile ya kuongoza mwendo wa macho huku ukilikumbuka. Zote mbili hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa vikao kadhaa. Wewe umeugua kazini, dada, na hakuna aliyekuandikia cheti. (Kalenda nayo ina mizaha yake: 2020 ndio ulikuwa umetangazwa mwaka wa kimataifa wa wauguzi na wakunga, na dharura ya korona ikatangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, siku ya wakunga duniani.)

Hili linarudi kwenye swali lako moja kwa moja. Siku hiyo mtoto akichelewa kulia, mikono yako itatakiwa imhesabie yeye, asihesabiwe yule wa 2020. Usijiulize kama utaweza; jiulize yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho ulipopokea kichanga kilicholegea, ulifanya nini katika dakika ya kwanza? Kama ulikausha, ukasugua, ukashika mfuko, basi una ushahidi, hata kama ulitapika baadaye. Kama uliganda na mwenzako akakupokonya, mkuu wako anapaswa kujua, na ombi la mama huyu la kukutaka wewe lipimwe kwa hilo kabla ya kupimwa kwa mapenzi.

Hudhurio lake lijalo, kwa ratiba ya kawaida, ni wiki ya 30. Una wiki kama tatu. Zinatosha kurekebisha kadi, kuzungumza na mkuu, kumpata mkunga wa pili na kuonana na mtaalamu angalau mara moja. Hazitoshi kupona, na hudaiwi hivyo. Ukiona hazitoshi hata kuamua, wiki ya 34 ipo. Hata ukiamua kutosema neno, mpangie nafasi ya mwisho kwenye foleni, chumba chenye mlango unaofungika, viti viwili vya kimo kimoja bila meza katikati. Na mpigie siku moja kabla umuulize kama atakuja na mtoto, ili umwombe mwenzako akae naye kwenye mizani.